Deni la Mmoja, Siri za Wengi

Fungua orodha ya majina katika simu ya mkazi yeyote wa Kihonda na utakuwa umeuona mkoa wa Morogoro kwa ufupi. Yumo mama aliyebaki Matombo, shemeji anayelima kabichi Mgeta, mwenye nyumba, mwalimu wa mtoto, mweka hazina wa kikoba, msimamizi wa kiwandani, wakala wa pale Msamvu, shehe au mchungaji, daktari, na yule jamaa aliyeuza kiwanja Lukobe. Kihonda imekua kwa kupokea watu. Wapo waliofuata viwanda, waliofuata masomo VETA, na walioteremka kutoka milima ya Uluguru kutafuta riziki mjini. Watu wa namna hii huishi kwa simu, kwa sababu nusu ya maisha yao ipo mahali pengine. Pesa ya mbolea inapanda mlimani kwa simu, habari za msiba zinashuka kwa simu, mchango wa harusi unakusanywa kwa simu. Orodha ile ya majina ndiyo mtaji wao wa heshima, maana humo ndani kila mmoja anajulikana kuwa ni mtu wa namna gani.

Hoja yangu ni moja. Tumezoeshwa kuamini kwamba adui wa simu ni kirusi kinachoingia kwa kuvunja, au tapeli anayebahatisha namba. Hao wapo. Lakini anayewaumiza zaidi watu wa mitaa kama hii kwa sasa ni aplikesheni ya mkopo isiyo na leseni, inayoingia kwa ruhusa ya mwenye simu na kuchukua kitu ambacho mwenye simu hana mamlaka ya kukitoa: majina na namba za watu wengine. Naiita programu hasidi bila kusita, na nadai ishughulikiwe kama programu hasidi, kwa kuibana mahali inapopokelea fedha, badala ya kuendelea kumwimbia mwananchi wimbo wa kuwa makini.

Historia ya programu hasidi inaunga mkono hoja hii kuliko watu wanavyodhani. Machi 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilisambaa kwa kujituma kwa anwani 50 za mwanzo katika kitabu cha anwani cha kila kompyuta kilimoingia. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2000, kikatokea Ufilipino kingine kilichoitwa ILOVEYOU, kikiwa kimevaa sura ya barua ya mapenzi. Aliyeifungua barua hiyo alikuwa ameituma, bila kujua, kwa kila mtu aliyemo kwenye orodha yake, na waliopokea waliifungua kwa sababu imetoka kwa mtu wanayemfahamu. Mamilioni ya kompyuta duniani ziliambukizwa ndani ya siku chache. Ufundi wake ulikuwa wa kawaida tu. Nguvu yake ilikuwa ule uhusiano wa watu uliohifadhiwa ndani ya mashine. Waendesha mashtaka wa Ufilipino walilazimika kumwachia mtuhumiwa, kwa kuwa nchi haikuwa na sheria iliyolitaja kosa hilo; sheria ilikuja Juni mwaka huohuo, ikiwa imeshachelewa. Nitairudia habari hii ya sheria, kwa sababu sisi hatuwezi kujitetea kwa udhuru wa Ufilipino.

Watu wengi huita kila balaa la kompyuta kirusi, ila aina ni nyingi na kila moja ina tabia yake. Kirusi hasa hujibandika kwenye faili na husubiri faili hilo lifunguliwe. Kuna programu zinazojitembeza zenyewe kutoka mashine hadi mashine bila mtu kubonyeza chochote, ambazo wataalamu huziita minyoo. Kuna zinazofunga mafaili yote kisha zikadai fidia. WannaCry, iliyolipuka tarehe 12 Mei 2017, ilifika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali za umma za Uingereza, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa tiba ya tundu la Windows ililopitia miezi miwili kabla. Kuna farasi wa Troja, yaani programu inayojionyesha kuwa ni kitu kizuri huku ikibeba kitu kingine tumboni. Na kuna programu za kijasusi, ambazo kwa kawaida haziharibu chochote wala hazipunguzi kasi ya simu, kazi yake ni kusoma na kupeleka habari kwa aliyezituma. Hizi mbili za mwisho ndizo zinazotuhusu zaidi huku kwetu.

Njia ambazo programu hizi huingilia zinajulikana. Kijana anaenda kwenye kibanda cha kujaza nyimbo na filamu, anatoa memori kadi, na pamoja na nyimbo anaondoka na aplikesheni tatu ambazo hazikutoka kwenye duka lolote rasmi. Mwingine anataka WhatsApp yenye uwezo wa kuficha kwamba yupo hewani au kusoma meseji iliyofutwa, basi anatafutiwa toleo lililochezewa. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilieleza mwaka 2021 kwamba toleo mojawapo la namna hiyo, FMWhatsApp, lilibeba farasi wa Troja aitwaye Triada. Mwaka uliofuata ikaonya kuhusu jingine, YoWhatsApp, lililokuwa likiiba funguo za akaunti za watumiaji. Anayesema hana cha kuibiwa afikirie kwamba anayeshika akaunti yake ya WhatsApp anaweza kuomba fedha kwa ndugu zake wote kwa jina lake.

Kwa upande mwingine wa dunia kuna ujasusi wa gharama kubwa. Programu ya Pegasus, inayotengenezwa na kampuni ya NSO ya Israeli na kuuzwa kwa serikali, ina uwezo wa kuingia kwenye simu bila mwenyewe kubonyeza chochote. Mwaka 2021 ilifahamika kwamba simu za wafanyakazi wa serikali ya Marekani waliokuwa Uganda au waliokuwa wakishughulika na mambo ya Uganda zilikuwa zimedukuliwa kwa Pegasus. Mambo haya yaliandikwa sana, na ilistahili. Lakini angalia tofauti. Pegasus inahitaji fedha nyingi na mafundi wa hali ya juu ili ipate orodha ya majina ya mtu mmoja. Aplikesheni ya mkopo inapata orodha hiyohiyo kwa maelfu ya watu, kwa kuweka kitufe kilichoandikwa neno la kukubali, mbele ya mtu ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ada.

Inavyofanya kazi inaeleweka, na ieleweke vizuri. Tangu toleo la 6 la mfumo wa Android, lililotoka mwaka 2015, aplikesheni inapaswa kuomba ruhusa kabla ya kusoma majina, meseji, picha au mahali simu ilipo. Aplikesheni ya mkopo huziomba ruhusa hizo kabla ya kuonyesha hata kiasi cha mkopo, na ukikataa haiendelei mbele. Ukikubali, orodha yako inanakiliwa na kupelekwa kwenye kompyuta za mbali ndani ya muda mfupi. Kuifuta aplikesheni baadaye hakurudishi kilichokwishaondoka. Kisha mkopaji hupokea pungufu ya alichoomba, kwa sababu ada imekatwa juu kwa juu, na siku za kulipa ni chache. Akichelewa, simu zinaanza: kwanza kwake, halafu kwa waliomo kwenye orodha. Meseji humwambia mama wa Matombo kwamba yeye ni mdhamini wa deni ambalo hajawahi kulisikia. Humwambia bosi kwamba mfanyakazi wake ni mwizi. Humwambia mweka hazina wa kikoba asimwamini tena mwenzake. Fedha inayodaiwa inaweza kuwa ndogo kuliko nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi, lakini aibu inayotumika kuidai haina bei.

Kampuni ya ESET mwaka 2023 iliziweka aplikesheni za aina hii katika kundi moja na programu za kijasusi, ikaziita SpyLoan. Ilizikuta 18 kwenye duka la Google, zikiwa zimepakuliwa zaidi ya mara milioni 12 kabla nyingi hazijaondolewa, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi ambako zilikuwa zikitumika. Kwa hiyo ninapoziita programu hasidi situmii lugha ya hasira. Zina sifa zote: zinajionyesha kuwa ni kitu kingine, zinachukua kisichohitajika kwa kazi zinayodai kufanya, zinapeleka habari mahali mtumiaji hapajui, na zinatumia habari hizo kumdhuru yeye na wengine. Melissa ilitumia anwani 50. Hizi hazina kikomo.

Jibu la kwanza linalotolewa ni kwamba mkopaji aliridhia mwenyewe, hakushikiwa bunduki. Hoja hii inasikika kwa watu wenye akili timamu kabisa, kwa hiyo nitaijibu kwa uzito wake. Ridhaa inayohesabika ni ya mtu aliyeelewa anachokubali na ambaye angeweza kukataa bila kupoteza. Masharti ya aplikesheni nyingi ni marefu, mara nyingi yameandikwa kwa Kiingereza, na hayasemi popote kwamba tutampigia mama yako. Lakini tuseme mkopaji alisoma kila neno na akaelewa. Bado aliridhia kwa niaba ya nani? Namba ya simu ya mama ni taarifa binafsi ya mama. Mwalimu wa mtoto hakuomba mkopo. Daktari aliyetoa namba yake ili apigiwe mgonjwa akizidiwa hakuitoa kwa kampuni ya fedha. Katika orodha ya watu mia mbili, aliyeridhia ni mmoja. Wengine wote wamechukuliwa taarifa zao bila kuulizwa, na hilo ni kosa hata kama mkopaji angelipa deni kabla ya siku yake.

Jibu la pili ni kwamba dawa ya deni ni kulipa. Nakubali, na wala sitetei wanaokopa kwa nia ya kukimbia. Mkopeshaji halali ana haki ya kudai na ana njia za kudai: mkataba, mahakama, na mifumo ya taarifa za wakopaji inayosimamiwa na Benki Kuu, ambayo humfanya mdaiwa sugu ashindwe kukopa kwingine. Hakuna hata moja kati ya njia hizo inayomruhusu kumtangaza mtu mwizi kwa wakwe zake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 23, inakataza unyanyasaji kwa njia ya mtandao, na haikuweka kando unyanyasaji wa wadaiwa. Anayedai deni kwa kuvunja sheria naye amejitia kwenye deni, na lake ni kubwa zaidi.

Jibu la tatu lina uchungu wake, na ndilo linalonifikirisha. Watu wanasema: mkizifunga hizi, mnyonge akakope wapi? Benki inataka dhamana, hati ya kiwanja, barua za hapa na pale. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejea mwaka 2024, na hata inapokuwepo huhitaji kikundi, katiba na subira. Mwenye mgonjwa usiku hana subira. Hii ni kweli tupu, na asiyetaka kuiona asitoe ushauri. Ila ukweli huo hauthibitishi kwamba mkopo wa haraka lazima uje na wizi wa majina. M-Pawa ilianza hapa nchini mwaka 2014, na baada yake zikaja huduma nyingine za kampuni za simu na benki, zinazokopesha kiasi kidogo kwa kuangalia mwenendo wa mtu katika kutuma na kupokea fedha. Hazihitaji kusoma orodha yake ili zimkopeshe. Mtu anaweza kuzilalamikia kwa ada zake, nami nitamsikiliza, lakini zinatuonyesha kwamba orodha ya majina haihitajiki kupima uwezo wa mtu kulipa. Inahitajika kwa kazi moja tu, kumuaibisha. Mkopo wa kausha damu wa mtaani angalau mkopeshaji ana sura na ana mlango. Huyu wa kwenye simu hana ofisi ya kwenda kugonga.

Sasa nije kwenye sheria, nilikoahidi kurudi. Tanzania haiko pale ilipokuwa Ufilipino mwaka 2000. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, ya familia yake na ya mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Faini kwa kampuni inayotoa taarifa za watu kinyume cha sheria hiyo inaweza kufika shilingi bilioni 5. Kwa upande wa fedha, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka mkopeshaji awe na leseni, ukomo wa riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili umewekwa kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi, na mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo mahususi kwa wanaokopesha kidijitali, unaogusa uwazi wa gharama, faragha na namna ya kudai madeni. Novemba mwaka huo Gavana Emmanuel Tutuba akatangaza majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, akawataka wananchi waachane nazo. Tangazo lile lilikuwa jema na lilihitajika. Udhaifu wake ni kwamba liliishia mikononi mwa mwananchi. Ni yeye aliyeambiwa aache, atazame orodha, awe makini. Orodha ya majina 69 hailindi mtu dhidi ya jina la 70.

Hapo ndipo wanaokata tamaa husema kwamba teknolojia haizuiliki: ukifunga moja leo, kesho inarudi kwa jina jipya na rangi mpya. Ni kweli kwamba jina hubadilika kwa urahisi, na mwenye aplikesheni anaweza kuwa nje ya nchi kabisa. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakiwezi kukaa nje ya nchi. Mkopo unatolewa kwa shilingi na unarudishwa kwa shilingi, kupitia pesa za simu za kampuni zilizopewa leseni hapa. Ili aplikesheni ipokee marejesho ya mama muuza mboga wa Kihonda, lazima iwe na namba ya kupokelea malipo, na namba hiyo imesajiliwa na mtu au kampuni yenye jina. Huo ndio mzizi. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inaiweka Benki Kuu kuwa msimamizi wa huduma hizo za malipo, na Benki Kuu hiyohiyo ndiyo inayotoa leseni za ukopeshaji. Hakuna haja ya kumfukuza mdukuzi asiyeonekana kwenye mawingu ya intaneti. Inatosha kuagiza kwamba hakuna namba ya malipo itakayotumika kukusanya marejesho ya mikopo bila leseni ya mkopeshaji kuthibitishwa kwanza, na kwamba kampuni ya simu itakayoipitisha itawajibika pamoja naye. Biashara isiyoweza kukusanya fedha yake haitarudi kwa jina jipya, kwa sababu jina jipya nalo litahitaji namba.

Kwamba kubana wakubwa kunawezekana, mfano upo jirani. Kenya ilianza kuwasimamia wakopeshaji wa kidijitali kwa kanuni za mwaka 2022. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, iliitoza kampuni ya Whitepath faini ya shilingi milioni 5 za Kenya, na Septemba mwaka huohuo ikaitoza Mulla Pride, yenye aplikesheni za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000, kwa makosa ya kutumia namba za watu zilizotolewa kwenye simu za wakopaji. Walalamikaji wengine hawakuwa wadaiwa hata kidogo. Google nayo, iliyokuwa imeachia milango wazi kwa miaka, ilipiga marufuku aplikesheni za mikopo binafsi kusoma majina na picha kuanzia tarehe 31 Mei 2023, na ikataka zile zinazolenga Kenya zionyeshe leseni. Sisemi Kenya wamemaliza tatizo. Nasema faini yenye jina la kampuni, iliyotangazwa hadharani, inasikika kwenye vyumba vya bodi kuliko mabango mia ya kuwaonya wananchi.

Mabango hayo nayo yana nafasi yake, na sitaki nieleweke vibaya. Mkoa wetu una sababu ya pekee ya kuyasikiliza. Katika takwimu za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, Morogoro imetajwa zaidi ya mara moja pamoja na Rukwa kuwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Zile meseji za kusema ile hela itume kwenye namba hii hazihitaji hata programu, zinategemea bahati. Hebu fikiria zikiacha kubahatisha: tapeli mwenye orodha iliyoibwa anajua namba hii ni ya mama, ile ni ya mpangaji, na hela ya pango hutumwa lini. Kampeni ya Sitapeliki, namba 15040 ya kupeleka meseji za kitapeli, na *106# ya kukagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, vyote ni vya maana. Hata hivyo uangalifu wa mtu mmoja hauwezi kulinda namba yake iliyomo kwenye simu za wengine 300. Mzee wa Kinole asiye na simu janja, asiyejua aplikesheni ni nini, namba yake imeshachukuliwa kutoka kwenye simu ya mjukuu. Huyo tumwambie awe makini na nini?

Lipo pia swali la wanaoogopa serikali zaidi ya wakopeshaji. Wanasema kuipa dola nguvu ya kufunga njia za malipo na aplikesheni ni kuipa rungu ambalo kesho litatumika kwingine. Wanakumbusha agizo la mwaka 2023 la kutaka watumiaji wa VPN wajisajili. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, na sheria yenyewe ya taarifa binafsi imeacha nje baadhi ya shughuli za usalama wa taifa, jambo linalostahili mjadala wake. Lakini tofauti iko wazi. Ninachodai hakimfungi mtumiaji wala hakichunguzi anachosoma au anachosema. Kinambana mfanyabiashara anayetaka kukusanya fedha bila leseni, kwa sheria zilizokwishapitishwa na Bunge, na kwa uamuzi unaoweza kupingwa mahakamani. Faragha ya raia hulindwa dhidi ya mkubwa yeyote anayeikusanya, awe wa serikali au wa biashara, na Tume itakayoonyesha meno kwa wakopeshaji ndiyo itakayokuwa na sauti ya kuuliza maswali kwenye ofisi za umma.

Tume inaweza kuanza kesho, bila sheria mpya. Ifungue mashauri kwa niaba ya watu wasiokopa, wale waliopigiwa simu za matusi kwa deni la mtu mwingine, kwa kuwa hao hakuna anayeweza kuwaambia waliridhia. Itangaze majina ya kampuni na faini. Ielekeze fidia kwa walioumbuliwa, kwa sababu aliyepoteza kazi au kikoba chake hanufaiki na faini inayoingia hazina. Na iteremke hadi kwenye kata, ambako mtendaji wa Kihonda anapokea malalamiko ya kelele za baa na mipaka ya viwanja lakini hana fomu ya kupokea malalamiko ya mtu aliyeibiwa majina. Benki Kuu nayo iamue kuhusu namba za malipo, uwezo inao.

Kwako msomaji nina ombi moja. Meseji ya kukuambia kwamba fulani ni mdaiwa sugu na wewe ni mdhamini wake itakapokufikia, usimpigie kumsimanga na usiipeleke kwenye kundi la familia. Ihifadhi ilivyo, pamoja na namba na tarehe, ipeleke 15040, kisha uwasilishe malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa jina lako mwenyewe. Namba iliyoibwa ni yako, na mwenye kesi ni wewe.